Jibu: Una diploma ya hoteli, ukatae uweita?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukatae kazi ya uweita, ya kuhudumia wageni mezani, kwa vile una diploma na ulitaka umeneja. Ingia hiyo kazi. Mimi nilianza hivyo hivyo hapa Malindi, miaka mitatu nabeba sahani ndio nikapelekwa risepsheni, na kilichonipeleka si cheti, ni Kitaliano nilichookota kwa wageni mezani maana Wataliano hapa ni wengi. Ila jua mapema, masika ikianza Aprili hoteli nyingi hufunga, na ukiwa wa kontrakti mshahara unakatika, kwa hiyo pesa ya Disemba, wageni wakiwa wengi, usiimalize, mimi mwaka wa kwanza niliimaliza nikarudi kwa mama miezi miwili na iliniuma sana. Kontrakti nayo isome yote kabla hujatia sahihi, tafadhali.