Pampu ya joto kwa nyumba za Uingereza: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza pampu ya joto inawezaje kupasha nyumba kwa hewa ya nje iliyo nyuzi sifuri, na kama uachane na boila ya gesi. Ninayo kwangu hapa Leeds, nyumba ya miaka ya 1930.

Nyuzi sifuri kwetu ni baridi, lakini kwa gesi inayozunguka ndani ya mashine ni joto la kutosha. Nyingi mpya hutumia propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Feni inavuta hewa, propani inapokea joto lake na kuwa mvuke. Kompresa inaubana mvuke hadi unakuwa moto, na joto hilo linapewa maji yanayokwenda kwenye rejeta, yale mabamba ya chuma ukutani yanayopasha vyumba. Friji hufanya hivyo hivyo: hutoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma. Umeme unaolipia ni wa kuhamisha joto tu, ndiyo maana uniti moja hukupa uniti tatu za joto au zaidi.

Asubuhi za baridi yenye unyevu utaona barafu nyeupe imeganda nyuma ya mashine, halafu ghafla inafuka mvuke mzito na maji yanachuruzika. Usiite fundi. Mashine inageuza mzunguko wake dakika chache, joto liende nje liyeyushe barafu, kisha inarudi kazini. Hakikisha tu maji hayo hayamwagikii mnapopita. Yakiganda, mtu atavunjika mguu.

Sasa bili. Hapa uniti ya umeme ni karibu mara nne ya bei ya gesi, kwa hiyo tatu kwa moja haitoshi kuokoa pesa. Kila kitu kinategemea joto la maji. Maji ya nyuzi 40 ni kazi nyepesi. Ukidai 60, umeme unaliwa. Lakini maji ya vuguvugu yanataka rejeta kubwa. Kwangu zilibadilishwa za sebuleni na chumba cha watoto, na tunaiacha iende polepole kutwa nzima. Kuvu nyeusi iliyokuwa ikirudi kila baridi kwenye ukuta wa watoto haijaonekana tena, na hilo kwangu lina thamani kuliko bili.

England na Wales kuna ruzuku ya serikali ya pauni 7,500, na fundi ndiye anayeiomba. Anayetaja bei kabla ya kupima kila chumba, madirisha na dari, achana naye. Muulize: nje ikiwa nyuzi tatu chini ya sifuri, maji yatahitaji nyuzi ngapi? Akijibu 45 au pungufu, na mahesabu ameyashika mkononi, mkae mzungumze.