Kepteni hewa, benchi linatema pointi: barua zenu za fantasi wiki hii

Yani wiki hii barua za fantasi, ule mchezo wa kwenye simu wa kupanga timu ya wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanavyocheza kweli uwanjani, ni vilio vitupu. Waliopanda najua mpo ila nyie hamwandikagi, mkishapata mshale wa kijani mnakimbilia kwenye grupu kuposti skrinshoti na kutukana wenzenu. Huku kwangu wanakuja wenye mshale mwekundu. Karibuni, tuanze na aliyeumia zaidi.

Anko mambo vipi. Ofisini tuna ligi yetu ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, tuko 14. Wiki ya nyuma straika wangu wa bei mbaya alinipa ukepteni wa hovyo, pointi 2 zikadabo kwa ukepteni zikawa 4, nikakasirika nikamvua kitambaa nikampa winga mmoja ambaye wikiendi hiyo alikuwa kafunga mawili. Sasa winga kaanzia benchi kaingia dakika ya 80, straika wangu katupia mbili, na mimi benchi kwangu nimemwacha beki mwenye pointi 15. Nimetoka nafasi ya 2 mpaka ya 9. Jumatatu ofisini sikula hata chakula cha mchana na wenzangu. Nifanyeje? — Mnyonge, Tabata

Pole sana mdogo wangu, ila tuongee ukweli, hapo kuna mambo mawili na moja wala sio kosa lako. Beki wa pointi 15 (kacheza, kafunga, klinishiti yaani timu yake haikufungwa, bonasi zote 3) hakuna binadamu anayemtabiri, kesho utamuanzisha atapigwa nne na kadi ya njano juu. Achana nae. Jamaa zako wanaokucheka kwa hilo na wao wana mabeki wao benchi wanajikausha tu.

La ukepteni ndo la kuongelea. Wewe hukuchagua kepteni, ulimpa adhabu straika na ukamzawadia winga kwa mechi iliyokwisha. Pointi za wiki iliyopita hazilipwi mara mbili! Angalia msimu wa 2024/25: Haaland wa Man City mechi 5 za kwanza alitupia mabao 10, hat-trick mbili mfululizo humo humo, na waliomnunua Salah wa Liverpool kwa milioni 12.5 za mchezo badala ya kujibana wampate Haaland wa milioni 15 walionekana wajinga, grupu zikawachoma kweli kweli. Mwisho wa msimu Haaland kamaliza na mabao 22, Salah 29 na asisti 18 juu, pointi 344, hakuna mchezaji aliyewahi kufika hapo kwenye huu mchezo. Waliopata taabu sio waliokuwa na mmoja wao, ni wale waliokuwa wanawabadilisha kila baada ya wiki mbili wakifukuzia ya jana, wananunua akishapanda bei wanauza akishashuka. Na mnakumbuka bei inavyowaibia: umenunua mtu kwa 7.0 kafika 7.3, ukimuuza unapewa 7.1, nusu ya faida inabaki kwao.

Kitambaa mpe mtu mwenye vitu hivi: anacheza dakika zote, anapiga penati, na wiki hiyo anakutana na timu inayoruhusu nafasi nyingi. Winga anayezungushwa na kocha kila baada ya siku tatu hana hata kimoja. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, huyo winga angekaa nje mechi nzima ukepteni ungeenda wenyewe kwa kepteni msaidizi uliyemchagua. Kwa vile kaingia dakika ya 80 basi kahesabiwa kacheza, kakupa pointi 1 ikadabo ikawa 2, na kitambaa kikafia hapo. Yani bora asingeingia kabisa.

Nafasi ya 9 kati ya 14 na msimu una wiki 38 sio msiba. Kula chakula.

Anko shikamoo. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, alitengeneza timu mwezi wa nane akaenda shule ya bweni, simu hawaruhusiwi, hajagusa timu yake tangu wiki ya kwanza. MPAKA LEO YUKO JUU YANGU. Mimi nasikiliza podikasti, naangalia takwimu, kila wiki nabadilisha wachezaji. Baba ananiuliza mezani kwani wewe unafanyaga nini kwenye hiyo simu. — Kaka mtu, Morogoro

Marahaba. Nimecheka, nisamehe, hasa hapo kwa baba.

Jibu liko kwenye barua yako mwenyewe, "kila wiki nabadilisha". Nikuulize, unabadilisha wangapi? Maana wiki unapewa transfa moja ya bure, ya pili unakatwa pointi 4, ya tatu 4 tena. Mtu anayelipa hiyo 4 kila wiki msimu mzima anachoma karibu pointi 150, na hiyo ndo tofauti ya mtu wa 1 na mtu wa 8 kwenye ligi nyingi za washkaji. Mdogo wako halipi chochote. Asipocheza mtu wake, benchi linaingia lenyewe. Hapati hasira Jumapili usiku akauza mtu mzuri. Kiufupi nidhamu yake inatokana na mwalimu wa zamu.

Ila usimuogope. Timu isiyoguswa inaoza taratibu, huyu kaumia goti, yule kauzwa Saudia, mwingine kapoteza namba, na machipu yake, zile karata za ziada (ile ya kepteni mara tatu, ile ya benchi kuhesabiwa, ile ya kubadilisha timu nzima) hayatumii. Mara nyingi kufika Krismasi washaanza kuporomoka. Wewe punguza mikono. Transfa ya bure ukiona huna shida nayo iache ijikusanye, siku hizi unaweza kuzilimbikiza mpaka 5, halafu siku ukiumiziwa watatu kwa mpigo unawatoa wote bila kukatwa hata pointi. Na baba mwambie unafanya utafiti.

Habari za huko ndugu mhariri. Mimi ni mtu wa Eldoret, niko Edmonton, Canada, nafanya kazi ghalani. Wenzangu wa shifti wameniingiza kwenye puli yao, yaani ligi yao ya fantasi, ya hoki ya barafuni, watu 10, na mimi hiyo hoki nimeijulia huku huku ukubwani. Wiki moja nampiga supavaiza 8-2, wiki inayofuata napigwa 9-1 na timu ni ile ile. Sielewi kabisa kinachobadilika. Na sasa kuna jamaa anataka nimpe Leon Draisaitl anipe wachezaji wawili, anasema mbili ni nyingi kuliko moja. Nikubali? — Mkale wa barafuni

Usikubali! Jibu limeisha, sasa nieleze.

Puli yenu ni tofauti na hii ya kwetu ya mpira. Huku kwetu watu wote 14 wa ofisi moja wanaweza kuwa na mchezaji yule yule. Huko mnachagua kwa zamu, mchezaji akishachukuliwa na mtu basi, kwahiyo Draisaitl wa kwenye puli yenu ni mmoja tu na unaye wewe. Na huyo sio mtu wa kawaida, 2024/25 ndo aliyeongoza NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, kwa mabao, 52, na anacheza na Connor McDavid hapo hapo mjini kwako, mtu ambaye 2022/23 alimaliza na pointi 153, mabao na asisti kwa pamoja. Anayekupa wawili wa kawaida kwa mmoja mkubwa anajua anachofanya: yeye nafasi iliyobaki wazi ataijaza na mtu wa bure asiye na mwenyewe, wewe itabidi umtupe mtu mwingine ili hao wawili waenee. Kwenye biashara ya aina hii aliyeondoka na mchezaji bora ndo kapata. Mwambie akuongezee kipa mzuri uone atakavyokaa kimya.

Sasa hiyo 8-2 na 9-1. Zote zinajumlika 10, maana yake mna vipengele 10 vya kushindania, mara nyingi ni mabao, asisti, mashuti, kugongana, kuzuia mashuti, na vya kipa, na kila Jumatatu mnaanza upya. Cha kwanza kabisa kuangalia kabla hata ya jina la mchezaji ni RATIBA. Timu ziko 32, kila moja inacheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu, lakini hazigawanywi sawa kwa wiki, timu moja inaweza kuwa na mechi 4 nyingine 2. Ukiwa na nyota watano wa timu zenye mechi 2 na mwenzako ana watu wa kati wa timu zenye mechi 4 atakuzidi mashuti, atakuzidi kugongana, atakuzidi kuzuia, hata kama yeye ndo hajui kitu. Kwahiyo Jumapili usiku fungua kalenda, hesabu. Nyota usiwaguse, ila zile nafasi zako mbili za mwisho kwenye kikosi zizungushe kila wiki kwa kufuata nani ana mechi nyingi.

Cha pili ni kipa, na hapa ndo watu wanapolia. Timu ikicheza usiku wa leo na kesho mfululizo makocha wengi humpumzisha kipa namba moja siku mojawapo, sasa wewe unalala ukijua umemuweka, kumbe kavaa kofia kakaa benchi. Habari za nani anaanza mara nyingi zinatoka asubuhi timu zikishafanya mazoezi mepesi. Wewe wa shifti, angalia kwenye mapumziko ya chai.

Cha tatu kitakusaidia kutolia ovyo. Kwenye hoki ukichukua ligi nzima ni kama bao moja katika mashuti 10. Ukiona mtu wako anapiga mashuti 4 au 5 kila mechi na wiki mbili hajafunga, mshikilie, yatakuja, tena huyo ndo wa kwenda kumuomba kwa mwenzio aliyekata tamaa. Ukiona mwingine kafunga 5 kwa mashuti 8, huyo tafuta wa kumuuzia haraka kabla hajarudi kawaida. Huyo ndo mpe yule jamaa yako wa "mbili ni nyingi".

Supavaiza endelea kumpiga, ila usiposti skrinshoti kabla shifti haijapangwa.

Anko, mwezi wa tatu mwishoni nilikosa dedlaini ya kupanga timu kwa lisaa limoja na naapa saa niliyoweka ni ile ile ya siku zote. Wamenihujumu? — Mama Fantasi, Nakuru

Hapana dada, ni Waingereza na saa zao. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu wanasogeza saa mbele, ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha nyuma, sisi hatusogezi kitu. Dedlaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Kwahiyo kama mechi ya kwanza ni ile ya Jumamosi mchana, wakati wa baridi kwetu dedlaini ni saa 8 mchana, wakishasogeza inakuwa saa 7. Na ikiwepo mechi ya Ijumaa usiku ndo kabisa, saa 3 na nusu inageuka saa 2 na nusu, muda ambao wengi mko kwenye matatu au jikoni. Ukikosa haifutiki timu, inabaki ya wiki iliyopita na kepteni yule yule, na transfa yako ya bure inahifadhiwa. Kengele iweke Alhamisi usiku, ya Jumamosi haiaminiki.

Sisi tuko 12, Mombasa, kila mtu alitoa shilingi 2,000 mwanzo wa msimu. Mweka hazina ni shemeji ya mmoja wetu. Sasa tumemuuliza tu kwa wema anasema "pesa ipo", mara "ipo lakini imefungwa". Tunahisi ishaliwa, na huyo mwenzetu aliye shemeji yake ndiye anayeongoza ligi. Tufanyeje bila kuvunja urafiki? — Tuliobaki 11

Pesa iliyofungwa kwa elfu 24, jamani! Hiyo ishakula chakula cha mchana.

Msimtukane kwenye grupu. Wawili wanaoheshimika wamfuate ana kwa ana, wamuombe alipe kidogo kidogo mpaka mwezi wa tano, aandike tarehe, na yule shemeji yake mchezaji awe shahidi maana hela za mwisho ni zake mwenyewe kama ataendelea kuongoza hivyo, atafuatilia kuliko nyie wote. Msimu ujao mchango ukae mahali panapohitaji watu wawili kuidhinisha, na mmoja wao awe hachezi kabisa. Kisha nusu tu ndo iwe ya bingwa, hiyo nyingine igawieni kwa anayeongoza kila mwezi, hapo hata wa nafasi ya 11 atakuwa na sababu ya kupanga timu mwezi wa pili, na hazina haikai na mzigo mkubwa muda mrefu. Mkifungana pointi, kanuni ya mchezo wenyewe inampa juu aliyefanya transfa chache. Hiyo muikubaliane mapema muiandike juu ya grupu, kabla hamjajua nani itamuumiza.