Mkishuka Villefranche: maneno kwa wadogo zangu wa mkataba wa kwanza

Msimu wa Mediterania umeanza, na kama ilivyo desturi, vijana wa mkataba wa kwanza katika meli za watalii wameanza kurudi gatini wakihema, viatu mkononi, huku boti ya mwisho ya wafanyakazi ikifunguliwa kamba. Majuzi niliwasikia wawili wakibishana ndani ya boti hiyo iwapo Monaco ni mji wa Ufaransa au ni nchi, ilhali mmoja wao alikuwa ndiyo kwanza ametoka huko na katika simu yake mlikuwa na picha akiwa ameegemea gari la mtu asiyemjua. Nilicheka. Jioni yake, nilipokuwa nikipanga meza za zamu ya kwanza na mwenzao wa tatu hajaonekana kwenye kituo chake cha kazi, kicheko kiliniisha.

Sitawaeleza habari za zamu ya bandarini, ile ya kubaki melini wenzenu wakishuka, wala kwa nini pasipoti zenu zinakaa katika kabati la ofisi ya wafanyakazi, hayo mnayajua. Nazungumzia siku moja tu, ile ya Villefranche-sur-Mer, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Ufaransa: jua limewaka, meli imetia nanga katikati ya ghuba, nyumba za rangi ya chungwa zinaonekana kwa karibu kiasi cha kuhesabu madirisha, na ninyi mmepewa nafasi kati ya chakula cha asubuhi na cha jioni. Siku hiyo imewaponza watu wengi kuliko siku za dhoruba.

1. Saa ni ya meli. Tukitoka Ugiriki, nahodha anaweza kuamua kuibakiza saa ya Ugiriki, ambayo iko mbele ya ile ya Ufaransa kwa saa nzima, na simu yako ikigusa mtandao wa nchi kavu itajirekebisha bila kukuuliza. Vaeni saa ya mkononi na muirekebishe kwa ile iliyo ukutani penye ngazi ya kushukia.

2. Boti haikusubiri wewe, nawe ndiye utakayeisubiri. Villefranche haina gati la meli kubwa. Ghuba yake ina kina kirefu mno, ndiyo maana hata manuwari za Marekani zilikuwa zikitia nanga hapa hadi miaka ya 1960, lakini kutoka melini hadi ufukoni ni boti tu. Abiria hutangulia na wafanyakazi hujaza nafasi zilizobaki, kwa hiyo mtu anayepanga kufika gatini saa kumi na nusu kwa boti ya saa kumi na nusu amepanga kuchelewa. Zaidi ya hayo, mdomo wa ghuba unatazama kusini. Mawimbi ya chini kwa chini yakiingia kutoka huko, boti hupunguzwa au husimamishwa kabisa, na jua linaweza kuwa linawaka vilevile, watu wakioga ufukoni na kula aiskrimu, na ninyi msijue kuwa foleni ya gatini imeshafika kanisani. Kijana akiniambia hali ya hewa ilikuwa nzuri, namuuliza aliitazama bahari au aliitazama mbingu.

3. Karatasi. Kanuni ya Mipaka ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, inamruhusu baharia ambaye jina lake limo katika orodha ya mabaharia kushuka bila viza na kukaa katika eneo la bandari na manispaa zinazopakana nalo. Villefranche inapakana na Nice, Beaulieu na Saint-Jean-Cap-Ferrat. Haipakani na Monaco. Asiye na viza yake mwenyewe aulize ofisi ya wafanyakazi kabla ya kushuka, asiulize rafiki yake wa kabini, kwa kuwa rafiki wa kabini hujibu kila swali. Wote mbebe nakala ya pasipoti, na nambari ya simu ya wakala wa meli iliyoandikwa kwenye karatasi, si ndani ya simu itakayoishiwa chaji.

4. Treni. Hapa niwieni radhi, nitakaa kidogo.

Kituo cha Villefranche kiko juu tu ya ufuko wa Marinières, na treni ya kwenda Monaco huchukua takriban robo saa, ikipenya mahandaki na kuchungulia bahari kati ya handaki na handaki. Ni safari rahisi, na urahisi wake ndio ulionidanganya. Wakati huo nilikuwa jikoni, ngazi ya chini kabisa, na usiku uliotangulia kulikuwa na karamu ya sitaha, maana yake ni kwamba tulifunga jiko karibu na alfajiri. Mtu mwenye akili angelala. Lakini binamu yangu wa Kisauni alikuwa ametangaza katika kundi la familia kwamba kazi yangu huko ughaibuni ni kuosha masufuria, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu liliniuma. Nilitaka picha moja mbele ya Kasino ya Monte Carlo, niitume kimya kimya bila maelezo.

Picha nilipiga. Nikanunua kahawa ambayo bei yake sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani, nikateremka kituoni. Kituo cha Monaco kimechongwa ndani ya mwamba. Huko chini hakuna jua, hakuna bahari, hakuna kitu cha kukuelekeza isipokuwa ubao. Treni iliyoingia ilikuwa imeandikwa Ventimiglia. Nilichokiona mimi ni V, na herufi nyingi nyuma yake, nikapanda. Kiti kilikuwa laini, hewa ilikuwa baridi, na nilifumba macho kwa dakika chache za kujipumzisha.

Niliamshwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akiteremsha sanduku lake. Behewa lilikuwa likiisha watu. Nje matangazo yalikuwa ya Kiitaliano. Nilikuwa nimepita Roquebrune, nimepita Menton, nimevuka mpaka wa nchi mbili nikiwa nakoroma, na treni ilikuwa imefika mwisho wa safari yake.

Hata hapo muda ulikuwa haujaisha. Nilipanda treni ya kurudi nikihesabu vituo kwa vidole. Ila sikujua, kwa sababu sikuwahi kujishughulisha kujua, kwamba Ufaransa ilirudisha ukaguzi katika mpaka ule tangu 2015, na kwamba Menton Garavan, kituo cha kwanza upande wa Ufaransa, polisi hupanda na kupita behewa kwa behewa. Hawakusumbuka na wazee wenye kofia za ufukoni. Walinijia mimi na vijana wengine waliokaa mbali mbali, kila mmoja akijitahidi kutoonekana. Viza yangu ilikuwa halali, lakini ilikuwa ndani ya pasipoti, na pasipoti ilikuwa ndani ya meli. Nilitoa kadi ya meli. Afisa aliigeuza mbele na nyuma, akaikwaruza ukingo kwa kucha, akaniashiria niteremke.

Tulisimamishwa kando ya ukuta wa kituo, juani. Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, maana kukosea treni ni usingizi tu. Niliinua kadi yangu juu na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba mimi ni baharia, nina kazi, mimi si kama hawa. Kijana aliyekuwa karibu nami alinitazama. Alikijua Kiingereza, nilitambua hivyo kwa jinsi alivyonitazama. Baada ya muda alisogea, akaniachia nusu ya kivuli chembamba cha ukuta alichokuwa amekipata, akanipa chupa yake ya maji ambayo ilikuwa imebaki robo. Alisema ametoka Darfur. Hakunihubiria, hakunicheka. Nilikunywa maji yake kwa kuwa nilikuwa na kiu, na mpaka leo sikumbuki kama nilimshukuru.

Walipompata wakala wa meli kwa simu, na wakala alipothibitisha jina langu, saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Nilifika Villefranche nikakuta ghuba tupu. Wakala alikuwa gatini na bahasha ya kaki: pasipoti, kitabu changu cha ubaharia, na barua ya onyo iliyochapwa kabla meli haijang'oa nanga. Nauli ya treni hadi Livorno, bandari iliyofuata, nililipa mwenyewe. Mkuu wa jiko hakunigombeza hata neno moja, alinionyesha masufuria. Binamu naye aliijibu ile picha kwa kuuliza kama gari lililo nyuma yangu ni langu.

Kwa hiyo someni jina lote lililoandikwa kwenye treni. Na kama jina limewashinda, itazameni bahari mkitoka handakini: ukiketi kuelekea mbele na bahari ikawa kushoto kwako, unarudi Villefranche, ikiwa kulia, unakwenda Italia.

5. Monaco kwenyewe. Ni nchi, na eneo lake ni takriban kilomita mbili za mraba. Sisemi msiende kamwe. Wenye viza na nafasi ya kutosha waende. Lakini nawaomba mjue mnachokifuata. Kasino huwezi kucheza bila kitambulisho rasmi, na kadi ya meli haihesabiki. Raia wa Monaco wenyewe sheria inawakataza kucheza humo, nami huona hapo kuna busara ambayo hawakuwauzia wageni. Jumba la opera lililoungana nayo ni kazi ya msanifu majengo Charles Garnier na lilifunguliwa 1879. Walinzi wa kasri hubadilishana saa sita kasoro dakika tano, juu kule kwenye mwamba, na mkitaka kuwaona itabidi mkimbie, na mkikimbia mtavua shati, na kutembea kifua wazi mitaani huko ni kosa. Vijana wengi wanaokwenda hukaa sehemu kubwa ya muda wao katika foleni ya treni na sehemu iliyobaki katika kupiga picha magari.

6. Villefranche ndiyo mliyopewa, na sielewi kwa nini mnaikimbia. Hatua chache tu kutoka pale boti inapowashusha pana kanisa dogo la Mtakatifu Petro, mali ya wavuvi, ambalo msanii wa Kifaransa Jean Cocteau alilijaza michoro na kuimaliza mwaka 1957. Kuna kiingilio kidogo. Ingieni mumwone Petro akijaribu kutembea juu ya maji, malaika akimshikilia na samaki wakishangaa; mtu yeyote aliyewahi kufanya drili, yaani mazoezi, ya boti za kuokolea atamwonea huruma. Nyuma yake panda ngazi hadi Rue Obscure, njia ya tangu karne ya 13 iliyofunikwa na nyumba juu yake, ambako saa saba ya Julai pana baridi ya kisimani; wakati wa vita wakazi walijificha humo kuepuka mabomu. Ngome ya Saint-Elme, iliyojengwa na mtawala wa Savoy, dola iliyomiliki pwani hii wakati huo, mwaka 1557, iko upande wa pili. Ufuko wa Marinières ni wa bure, na ukiwa ndani ya maji unaiona meli yako mwenyewe. Hilo ndilo la maana kwangu siku hizi. Naogelea nikiitazama meli, na ikishusha boti nazihesabu.

Mkiona panauzwa socca, nunueni. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliokorogwa kwa maji na mafuta ya zeituni na kumwagwa mwembamba katika sinia pana la shaba, kisha ukasukumwa ndani ya tanuri la kuni mpaka ukingo uungue kidogo. Hukatwa vipande na kuliwa moto kwa mkono, na pilipili manga juu. Mtu wa Mombasa akiuonja mara ya kwanza hunyamaza, kisha hudai kwamba wameuiba kwetu.

7. Yaliyobaki ni madogo. Toeni beji ya jina kifuani, kwa kuwa abiria wa meza yenu naye yuko ufukoni na atawaomba kitambaa. Pombe: kiwango cha kimataifa cha baharia ni 0.05 kwa mia katika damu, kampuni nyingi ni wakali zaidi ya hapo, na kipimo kiko ngazini. Vaeni kofia na mnywe maji, wala msiniambie mmezaliwa Likoni. Mtu anayelala wiki nyingi katika kabini isiyo na dirisha hana tena ngozi wala kichwa cha Likoni. Kama mkataba wa kazi ya baharini wa mwaka 2006 unawapa saa kumi za mapumziko katika kila saa 24, jueni kuwa hakuna aliyekataza kuzitumia kwa kulala, na wakati mwingine matembezi bora ya Villefranche ni kahawa moja ya kusimama kaunta, simu kwa mama, pesa za karo zitumwe, boti ya saa nane, kitandani.

8. Wakumbukeni walio kwenye zamu ya bandarini, wanaowatazama kutoka sitaha ya chini mkienda. Safari ijayo mmoja wao ni mimi. Socca hupoa haraka, hivyo inunuliwe mwisho, ifungwe kwa karatasi na si plastiki, na pilipili manga iwekwe kando.