Rasputin ya Boney M ni wimbo wa Wajerumani, si wa Warusi

Mkuu, umeuliza kama Rasputin ya kundi la Boney M ni wimbo wa Warusi. Hapana, unamwimba Rasputin, yule Mrusi wa mambo ya dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa Urusi, lakini ni disko iliyopikwa Ujerumani Magharibi. Mpishi wake ni Frank Farian, prodyuza Mjerumani, na ulitoka 1978 kwenye albamu ya Nightflight to Venus. Waimbaji wenyewe walitoka Karibiani: Liz Mitchell na Marcia Barrett ni wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba.

Jambo wengi hawalijui: ile sauti nzito ya kiume ni ya Farian mwenyewe, studio. Bobby alikuwa wa jukwaani, na jamani, alicheza! Tafuta video zake za zamani umwone anavyozunguka na ndevu zake za bandia. Bila yeye sidhani wimbo ungefika ulikofika.

Ulishika namba 1 Ujerumani na Australia, na namba 2 Uingereza. Desemba 1978 Boney M walialikwa Moscow, lakini wimbo huu haukupigwa. Sikiliza pia ile melodi ya beti, halafu sikiliza Kâtibim, wimbo wa kale wa Waturuki. Utashangaa zinavyofanana.

Bobby alifariki Desemba 30, 2010, St. Petersburg, baada ya kutumbuiza. Rasputin aliuawa mji huohuo, tarehe hiyohiyo, 1916. Mimi kila nikikumbuka hilo mwili unanisisimka.

Wale vijana waliovuma TikTok 2021 wakiucheza wimbo huu walitumia rimiksi ya Majestic, DJ Mwingereza, ya mwaka huohuo.