Maswali yenu kuhusu njia ya mto Boise

Wasomaji wa Boise, jimbo la Idaho, mmeuliza mengi kuhusu Greenbelt, ile njia ya kilomita 40 hivi inayofuata mto hadi katikati ya mji. Leo najibu machache.

Mama yangu ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Tumwanzishie wapi?

Bustani ya Julia Davis, dada. Ni tambarare, ina vyoo na mahali pa kuegesha gari. Vukeni daraja la miguu la Friendship mpaka upande wa Chuo Kikuu cha Boise State, fuateni maji yanakoelekea hadi barabara ya Capitol, kisha mrudi kwa daraja la hapo. Lami ni nzuri, hata kiti cha magurudumu kinapita. Bustani hiyo Thomas Davis aliupa mji mwaka 1907 kwa kumbukumbu ya mkewe, Julia, na mkiendelea chini mtakuta bustani za Ann Morrison, Kathryn Albertson, Esther Simplot. Bustani nyingi za mto huu zina majina ya akina mama. Mwambie mama, atapenda.

Mwenye baiskeli akipiga kelele “kushoto!” naruka kushoto, naye nusura anigonge. Kosa langu nini?

Anakuarifu kwamba yeye ndiye anayepita kushoto kwako. Wewe shika kulia na usikate kona ghafla, basi. Waliokulia Congo, Burundi na Rwanda hawapati taabu, maana kwao magari hushika kulia; sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda miguu hutupeleka upande wa pili bila kuiuliza. Mkiwa kundi, msipange safu mkaziba njia yote, hata umbea ukiwa mtamu. Usiyetaka baiskeli kabisa, nenda njia ya Bethine Church, mashariki mwa mji: ni ya waenda kwa miguu tu, ila haina lami.

Mwezi wa tano mvua haikunyesha, lakini njia ilifungwa kwa mafuriko. Maji yalitoka wapi?

Milimani. Theluji ya majira ya baridi ikianza kuyeyuka, maji yake huingia kwenye mabwawa matatu yaliyo juu ya mji: Anderson Ranch, Arrowrock na Lucky Peak. Wasimamizi hawangoji yajae. Huachia maji mapema ili kutengeneza nafasi ya yanayokuja, na ndiyo maana mto hufura hata siku ya jua kali. Mahali njia inapopita chini ya madaraja ndipo panapozama kwanza. Mwaka 2017 theluji ilizidi, na sehemu nyingi za njia zikafungwa kwa wiki kadhaa.

Ukikuta kizuizi, geuka. Maji hayo ni baridi kiasi cha kumlegeza mwogeleaji hodari kwa dakika chache, na ukingo uliolika kwa chini huonekana mzima ukiutazama kwa juu. Watoto washikwe mkono. Wale mnaowaona wakielea na matairi ya mpira kutoka Barber Park hadi Ann Morrison husubiri mpaka msimu utangazwe, aghalabu mwisho wa Juni au Julai, maji yakishapungua. Hata hapo, mtoto wa miaka 14 kushuka chini avae jaketi la kuokolea maisha. Mimi ningemvalisha na baba yake.

Baiskeli ya mwanangu haimalizi wiki bila pancha.

Mbigiri! Ni ile ile iliyokuchoma nyayo kijijini, nayo ilishahamia Marekani. Hutambaa kwenye ukingo mkavu wa njia, na maua yake ni madogo, ya njano. Asiegeshe baiskeli kwenye changarawe, na fundi amtilie tyubu dawa ya kuziba matundu. Ukiuona mmea, ung'oe kabla miiba haijakauka, uutie kwenye pipa la taka.

Bata bukini wamejaa bustanini na wamenona. Mmoja akipotea, nani atajua?

Kaka, hapana. Sheria ya serikali kuu inawalinda. Kuwinda kuna leseni na msimu wake, wala si bustanini. Hamu ya kitoweo cha mtoni ikizidi, kata leseni ya uvuvi, ambayo huhitajika kuanzia miaka 14, ukajaribu bahati yako kwa samaki aina ya trauti. Unapokata leseni uliza pia ni wangapi unaruhusiwa kuchukua kwa siku.