Kabla Hujasambaza Picha ya Mshukiwa

Kesi ya jinai ina siku mbili ambazo kila mwandishi wa korti anazijua. Ya kwanza ni ile mshukiwa anapofikishwa mbele ya hakimu kusomewa mashtaka. Wapiga picha wamejaa, askari wanasukumana nao, mshukiwa amejifunika uso kwa shati. Ya pili ni siku ya hukumu, miaka miwili baadaye, mitatu, wakati mwingine tisa. Siku hiyo mara nyingi nilikuwa mwandishi pekee kwenye benchi, mimi na jamaa za pande mbili.

Niliripoti habari za mahakama kwa redio hapa Mombasa kwa miaka mingi, na ushauri wangu wa leo umetoka katika pengo lililo kati ya siku hizo mbili. Humo ndimo watu wanamoamua nani muuaji na nani mwizi, na wengi huamua kwa rangi ya ngozi, kwa jina la ukoo, kwa ndevu na kanzu, kwa mtaa anaotoka mtu. Jaji bado hajasikia hata shahidi mmoja.

Sisi wa Pwani tuna kesi yetu ya kujifunzia, na vijana wengi hawaijui. Mwaka 1980 Monica Njeri aliuawa hapa Mombasa. Aliyemuua alikuwa Frank Sundstrom, baharia wa jeshi la wanamaji la Marekani, kijana wa miaka 19. Alikiri kuua bila kukusudia. Jaji Leslie Harris, Mzungu, alimwachilia kwa bondi ya shilingi 500 na sharti la kuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Shilingi mia tano kwa roho ya mtu. Magazeti ya Kenya yalipiga kelele, watu wakakasirika nchi nzima, na lau si kelele hizo jina la Monica Njeri lingezikwa naye. Kwa hivyo mtu asinisome akadhani nawachukia wanahabari. Vyombo vya habari vinaweza kumtetea mnyonge pale korti inapomwacha mkono. Lakini tazama habari ile ilivyosimuliwa, hasa ng'ambo. Kijana alikuwa na jina, umri, meli na mustakabali. Monica alikuwa kahaba, basi. Hakuna aliyeona haja ya kueleza aliishi vipi wala alimwacha nani.

Jambo hilo hilo nililiona tena katika kesi ya Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, walowezi wa Kizungu. Mwaka 2005 alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Wanyamapori, na mashtaka yakaondolewa na Mwanasheria Mkuu kabla kesi haijasikizwa. Mwaka uliofuata akampiga risasi Robert Njoya. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikamfunga miezi minane juu ya miaka ambayo tayari alikuwa amekaa rumande. Kesi ile ilijaza kurasa hapa na Uingereza. Tulisoma habari za babu yake, ekari zao, hata sherehe za walowezi wa zamani. Sasa muulize mtu yeyote barazani akwambie Robert Njoya alikuwa nani. Alikuwa fundi wa mawe, baba wa watoto wanne.

Basi ukisoma habari ya mauaji, mtafute marehemu kwanza. Hesabu ni aya ngapi zinamhusu yeye na ngapi zinamhusu mshtakiwa. Kama mmoja ana wazazi, shule na ndoto, na mwingine ana kabila au kazi tu, umeshajua mwandishi amekaa upande gani, hata kama yeye mwenyewe hajijui.

Picha ndiyo nzito kuliko yote, na hapa nataka tukae kidogo. Juni 1994 mchezaji maarufu O.J. Simpson alikamatwa Marekani kwa tuhuma za kumuua aliyekuwa mke wake Nicole Brown Simpson na rafiki yake Ron Goldman. Majarida mawili makubwa, TIME na Newsweek, yaliweka jaladani picha ile ile iliyopigwa na polisi. Newsweek waliiacha kama ilivyo. TIME waliitia giza, ngozi ikawa nyeusi zaidi na uso ukatisha zaidi. Yalipokaa sambamba vibandani watu waliona tofauti, na TIME wakalazimika kujieleza. Fikiria lau lingekuwepo jarida moja tu. Nani angejua? Kesi yenyewe ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni kwa miezi mingi, na Oktoba 1995 Simpson akaachiliwa. Wazungu wengi waliona muuaji ameponyoka, Weusi wengi wakaona polisi wa Los Angeles wameumbuliwa. Ushahidi waliotazama ni ule ule. Kila upande ulikuwa umeingia na macho yake, na macho hayo yalikuwa yametengenezwa na habari za miaka mingi, ikiwemo video ya mwaka 1991 ya polisi wa mji huo huo wakimpiga Rodney King, na maafisa wale kuachiliwa mwaka uliofuata na baraza la wazee wa korti ("jury", raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) lisilokuwa na Mweusi hata mmoja.

Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuitia picha giza. Kijana wa Majengo au Kisauni anayekamatwa kwenye msako hupigwa picha amekaa chini kwenye vumbi, kifua wazi, panga zimepangwa mbele yake. Mfanyabiashara anayeshtakiwa kwa mamilioni hupigwa akiwa na suti, akiteta na wakili wake. Mtalii akishtakiwa, picha yake hutolewa kwenye mtandao wake mwenyewe, anacheka ufukweni. Nilikuwa nikiwauliza wenzangu wapiga picha kwa nini, na jibu lilikuwa kwamba hiyo ndiyo picha iliyopatikana. Naamini walisema kweli. Lakini msomaji hajui picha imepatikana vipi. Yeye anaona mhalifu na bwana mkubwa, na wote wawili bado ni washukiwa sawasawa mbele ya Ibara ya 50 ya Katiba, inayosema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe.

Kuna madhara mengine ya picha ambayo watu wengi hawayafikirii. Shahidi aliyeporwa usiku anatakiwa amtambue mshukiwa kwenye gwaride la utambulisho, yaani akiwa amepangwa mstari mmoja na watu wengine, na shahidi awe hajamwona tangu siku ya tukio. Kama picha imezunguka kwenye WhatsApp wiki nzima, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: wewe uliiona ile picha? Gwaride limekwisha. Nimekaa kortini nikaona ushahidi ukivunjika namna hiyo. Kwa hivyo anayesambaza picha kwa hasira, akitaka haki kwa aliyeporwa, anaweza kuwa anamfungulia mlango mwizi wa kweli. Na kama aliyekamatwa siye, amemharibia jina bure. Pande zote mbili zimepoteza.

Mama mmoja aliwahi kunifuata kwenye veranda ya korti. Mwanawe alikamatwa kwenye msako, picha ikaenda kila mahali ikiwa na maneno ya genge la mapanga. Mashahidi hawakumtambua, na hakimu akamwachilia. Mama akataka nitangaze redioni kwamba ameachiliwa, kwa sababu gereji aliyokuwa akifanya kazi ilikataa kumrudisha na majirani waliendelea kufunga milango akipita. Nilitangaza. Ilikuwa sekunde chache katikati ya taarifa ya habari, na ile picha ilikuwa imeshatembea mpaka Malindi.

Sasa nije kwa wanaopiga kelele mapema. Aprili 1989 mwanamke Mzungu aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alipigwa na kubakwa karibu afe. Polisi waliwakamata vijana watano, Weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, wa umri wa miaka 14 hadi 16. Magazeti yaliwaita kundi la mbwamwitu. Siku chache baadaye Donald Trump, wakati huo tajiri wa majumba, alinunua ukurasa mzima katika magazeti manne akitaka adhabu ya kifo irudishwe. Kesi ilikuwa haijaanza. Vijana wale walifungwa mwaka 1990, kwa maungamo waliyosema walilazimishwa kutoa, bila chembechembe za DNA zinazowahusisha. Mwaka 2002 mfungwa mwingine, Matias Reyes, alikiri kuwa alifanya unyama ule peke yake, na DNA ikamthibitisha. Hukumu zikafutwa. Mwaka 2014 mji wa New York ulikubali kuwalipa dola milioni 41. Mmoja wao, Yusef Salaam, alichaguliwa diwani wa mji huo mwaka 2023. Fidia haikumrudishia yeyote kati yao ujana wake.

Naleta habari hiyo kwa sababu nimesikia hoja yake barazani kwetu, kwa Kiswahili safi: "Hawa watu ndivyo walivyo." Hawa wakawa Wasomali leo, Waarabu kesho, wabara keshokutwa. Baada ya shambulio la hoteli ya Paradise kule Kikambala, Novemba 2002, wanaume wa Pwani walioshtakiwa kwa mauaji waliachiliwa na korti mwaka 2005 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kukamatwa kwao kila mtu anakumbuka, kuachiliwa kwao unapaswa kueleza. Na hata hatia inapothibitishwa, haigawanywi kama urithi. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walikiri makosa ya dawa za kulevya katika korti ya New York mwaka 2018. Walikiri wao. Mwarabu mwenye duka la vitambaa Biashara Street hakukiri chochote, na mwenye kumtazama kwa jicho la pembeni hana ushahidi ila nywele zake.

Kuna wakati rangi huuza gazeti kwa njia ya kinyume. Samantha Lewthwaite, Mwingereza anayetafutwa kwa mashtaka ya vilipuzi ya hapa Mombasa ya mwaka 2011, alipewa lakabu ya Mjane Mweupe na magazeti ya kwao. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa Septemba 2013, habari ikaenea dunia nzima kuwa yeye yumo ndani. Kamera za jengo zilionyesha washambuliaji wanne, wote wanaume. Mwanamke Mzungu kati ya magaidi ni habari tamu, nayo ikatembea mbele ya ushahidi.

Ushauri mwingine ni kuhusu maelezo ya mtu anayetafutwa. Mwaka 1994, South Carolina, mama mmoja Mzungu, Susan Smith, alisema mwanamume Mweusi amemnyang'anya gari likiwa na watoto wake wawili. Mchoro wa mtu huyo ulioneshwa nchi nzima. Siku tisa baadaye alikiri kuwa yeye ndiye aliyeliacha gari liingie ziwani na watoto ndani. Ukipata ujumbe unaosema "tahadhari, mtu wa asili fulani anaiba watoto", hapo hujapewa maelezo ya mtu. Hakuna kimo, hakuna kovu, hakuna nambari ya gari, hakuna kituo cha polisi kilichopokea taarifa. Umepewa kabila la kuogopa. Ufute.

Nitasema pia jambo linalowaumiza wengi hapa. Alexander Monson, Mwingereza, mwana wa lodi, alikufa mwaka 2012 baada ya kuzuiliwa katika kituo cha polisi cha Diani. Polisi walisema ni dawa za kulevya. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha pigo la kichwani. Familia yake haikuchoka, magazeti ya Uingereza hayakuchoka, na Novemba 2021 Jaji Eric Ogola wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliwapata polisi wanne na hatia, wakafungwa vifungo vya kati ya miaka 9 na 15. Haki ilitendeka na nafurahi. Lakini mashirika ya haki za binadamu kama Haki Africa na MUHURI yamekusanya majina ya vijana wa Pwani waliouawa au kupotea, na wengi wao hawakupata hata uchunguzi wa kifo. Mama zao hawamwonei wivu mama yake Alexander. Wanataka kamera zile zile zije Likoni. Kama wewe ni mwandishi kijana unayesoma haya, nenda. Omba nambari ya faili, iandike kwenye shajara yako, na urudi kila kesi inapotajwa.

Na kwa msomaji asiye mwandishi, kazi si kubwa. Kenya haina baraza la wazee wa korti kama Marekani. Anayeamua ni hakimu au jaji, na sheria inamtaka aandike hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake na sababu zake. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na kuzisoma ni bure. Andika jina la kesi, usome shahidi alisema nini na kwa nini jaji alimwamini au hakumwamini. Ukikuta neno gumu muulize wakili au karani. Na ukiweza, fika mwenyewe. Kesi husikizwa hadharani kwa mujibu wa Katiba. Mahakama za Mombasa ziko hapo karibu na Treasury Square, na orodha ya kesi za siku hubandikwa ukutani. Zima simu, kaa nyuma, sikiliza. Asubuhi kesi hutajwa haraka haraka tu, kwa hivyo muulize askari wa korti ni chumba gani kina mashahidi, uingie hicho.