Pikeni Supu ya Joumou, na Msiiharakishe Epis

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni chakula gani cha asili cha nchi ya mbali ambacho tungependa wasomaji wenzetu wakipike majumbani mwao. Jibu langu ni vyakula vya Haiti, na kati ya hivyo natanguliza supu ya joumou, yaani supu yao ya boga. Tangu polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi Juni 2024, wasomaji wa Kiswahili wamelisikia mara nyingi jina la Haiti, lakini karibu kila mara likiandamana na habari za bunduki, na naona ni haki watu hao wajulikane pia kwa wanachokipakua mezani. Mimi nimeyajua mapishi yao hapa Montréal, ambako Wahaiti ni wengi, kwa kusimama jikoni pamoja na akina mama wanaoyapika tangu utotoni.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba ladha ya chakula cha Haiti hutengenezwa kabla moto haujawashwa. Nyama huoshwa kwa ndimu au kwa maji ya madanzi, kisha hupakwa epis, yaani viungo vibichi vilivyotwangwa pamoja: kitunguu saumu, vitunguu vya majani, pilipili hoho, majani ya pasli, thaimu na pilipili mbuzi kidogo, vikilainishwa kwa mafuta na ndimu. Kinu na mchi ndivyo vifaa vyake vya asili, ingawa siku hizi wengi hutumia mashine ya kusagia. Nyama hulala humo usiku kucha. Anayeipaka epis na kuiinjika papo hapo atapata mchuzi unaolika, lakini hatakuwa ameonja kile ninachokisifu hapa, na kwa sababu hiyo nawasihi wasomaji wasiifupishe hatua hii hata kidogo.

Supu ya joumou ni supu ya boga na nyama ya ng'ombe, na Wahaiti huinywa tarehe 1 Januari, siku ya uhuru wao. Chini ya utawala wa Ufaransa, watumwa walilima maboga na kuwapikia mabwana zao supu hiyo, ilhali wao wenyewe, kama Wahaiti wanavyosimulia kizazi kwa kizazi, walikatazwa kuionja. Tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, alipotangaza uhuru mjini Gonaïves, baada ya jeshi la watumwa na watu huru weusi kulishinda jeshi la Napoleon, supu iliyokuwa ya mabwana ikawa ya kila mtu. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kwa Haiti hilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa kuingizwa humo. Sijui chakula kingine kinachobeba historia nzito namna hiyo na bado kikawa kitamu kwa mtoto wa miaka mitatu.

Kwa watu wanane, chukua nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 1 na nusu iliyolala katika epis, uikaange kidogo, kisha uichemshe hadi ilainike. Boga la kilo 1, lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokoza na lisilo na maji mengi, chemsha pembeni, lisage na ulimimine katika supu ya nyama. Baadaye tia viazi, karoti, kabichi na selari, na juu yake weka pilipili mbuzi moja nzima yenye kikonyo chake, ukikoroga kwa uangalifu isije ikapasuka, kwa kuwa kinachotakiwa ni harufu yake zaidi ya ukali. Makaroni huingia mwishoni, na ndimu hukamuliwa wakati wa kuepua. Supu iwe nzito, lakini bado iweze kumiminika.

Ukishaizoea epis, nenda kwenye griot, ambayo ni nyama ya bega la nguruwe iliyochemshwa katika viungo vyake hadi ikauke, kisha ikakaangwa mpaka kingo zake ziwe ngumu. Kwa wasiokula nguruwe ipo taso ya mbuzi, inayopikwa kwa njia ile ile, na kwa maoni yangu nyama ya mbuzi huipokea ladha ya danzi vizuri zaidi. Huliwa kwa ndizi za kubanwa, ambazo ni mzuzu mbichi uliokatwa vipande, ukakaangwa, ukabanwa uwe bapa, ukachovywa katika maji ya chumvi na kukaangwa tena. Pembeni huwekwa pikliz, achari ya kabichi, karoti, vitunguu na pilipili mbuzi nyingi katika siki, ambayo hukaa siku kadhaa ndani ya chupa kabla ya kuliwa. Bila pikliz mafuta ya nyama hukinaisha upesi.

Wali wa djon djon nautaja kwa kifupi tu, kwa sababu uyoga wake mdogo mweusi, unaotoka hasa kaskazini mwa Haiti, ni mgumu kupatikana mbali na maduka ya Wahaiti. Uyoga huo mkavu huchemshwa, huchujwa na kutupwa, na maji yake meusi ndiyo yanayopika mchele. Uyoga wa kawaida hauwezi kushika nafasi yake.

Chakula ambacho msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anaweza kukipika leo hii bila kuagiza chochote kutoka mbali ni lalo, kinachopendwa sana katika bonde la Artibonite, eneo kubwa la mpunga la Haiti. Lalo ni majani yale yale tuyaitayo mlenda, au mrenda kama wasemavyo Wakenya, na Wayoruba wa Nigeria huyaita ewedu. Tofauti ni kwamba Haiti huyapika pamoja na nyama ya ng'ombe na kaa. Nyama itangulie mpaka ilainike, majani yafuate na yaive polepole hadi yashikane na mchuzi, nao kaa waliopasuliwa watiwe mwishoni ili nyama yao isitawanyike. Magadi hayahitajiki. Pakua juu ya wali mweupe mkavu, usiotiwa nazi, kwa sababu mchuzi wa lalo ni mzito na una mafuta ya kutosha.